Ngata Chini ya Mzee Anaeli

Jumatatu, 11 Novemba

Inatangazwa, kwa heshima na huzuni inayostahili, kwamba saa ya ukutani ya wodi ya wanaume imefariki dunia. Imesimama saa nne kasorobo. Haikuugua. Mimi, Elimringi, muuguzi msimamizi wa wodi hiyo, ndiye niliyegundua msiba.

Hasara si ndogo. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili. Asipogeuzwa, nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro inakosa damu, inakufa, na kidonda kinafunguka. Sasa nitajuaje saa mbili zimepita? (Ninayo simu. Lakini simu si mali ya wodi.)

Mgonjwa wa namna hiyo ninaye mmoja, Mzee Anaeli, mkulima wa kahawa wa huku juu mlimani. Alianguka kutoka kwenye mparachichi, akavunjika nyonga, akapasuliwa mjini, na sasa anajiuguza kwetu. Ana ombi moja. Jumapili ya tarehe 24 mjukuu wake Nice, aliyemlea mwenyewe, anapata kipaimara. Anataka apelekwe kanisani kwa kiti cha magurudumu, akae mbele, amwone. Nimemwahidi atakaa. Huwa naahidi haraka sana.

Sista Tabea, msimamizi wa wodi ya wanawake, kasikia habari za msiba, kanishauri ninunue betri. Tumesoma chuo kimoja na mama huyu. Alikuwa hivyo hivyo.

Jumanne, 12 Novemba

Kugeuza kunaumiza kiuno. Changu, si cha mzee. Halafu ana maneno. Leo kaniuliza kama huko kwetu Machame watu wanageuzwa hivi, au ndizi za kuchoma tu.

Jioni nikapitia soko la Tengeru. Nikamwona mama mmoja kabeba mkungu wa ndizi kichwani, na chini ya mkungu ngata, ile duara ya majani makavu ya mgomba. Nikasimama katikati ya njia, nikatukanwa na mwenye mkokoteni. Mzigo umekaa juu ya duara, na katikati ya duara kuna shimo. Katikati hakuna kinachogusa kitu.

Weka ngata chini ya makalio ya mgonjwa. Mfupa wa mkia unaning'inia hewani. Nani atahitaji kugeuzwa tena? Nani atahitaji saa?

Mama wa ndizi kanipa ngata yake. Kauliza mke wangu amenifukuza na mizigo mingapi.

Jumatano, 13 Novemba

Ngata imewekwa, imezungushiwa kitambaa safi. Mzee kaiangalia sana. Kasema marehemu mkewe alibebea ndizi ngata kama hiyo maisha yake yote, na yeye hakutegemea kwamba siku moja mzigo atakuwa ni yeye. Tulicheka wote wawili.

Nimeanza kuandaa maelezo kwa ajili ya semina ya wauguzi mjini. Kichwa cha habari: Ngata ya Elimringi. Hayo maneno mengine yatakuja.

Ijumaa, 15 Novemba

Tabea kaja kuazima mkasi. Anaazimaga mkasi akitaka kupeleleza. Kafunua shuka, kaguna. Kasema duara inabana pande zote, kwa hiyo kilichomo katikati kinanyongwa, kama kidole kilichofungwa uzi. Nikamwambia huo ni wivu.

Ili kumaliza ubishi nikaangalia ngozi mbele yake. Hakuna wekundu wowote. Akaniuliza toka lini ngozi ya Mzee Anaeli ikawa nyekundu. Akaweka mgongo wa kiganja chake pale, akasema pana joto, na pamekuwa pagumu. Nikasema joto ni la blanketi.

Alipoondoka nikamuuliza mzee mwenyewe. Akakiri panamuuma kidogo, toka juzi. Mbona hakusema? Akajibu kwamba aliniona nimeifurahia sana ile ngata.

Nikamwacha juu yake. Jumatatu Matroni Agnela anapita kukagua wodi, na nataka aikute mahali pake.

Jumapili, 17 Novemba

Nice kaja baada ya ibada kumsomea babu yake katekisimo kwa kichwa. Kateleza sehemu moja. Mzee kamrudisha mwanzo, kasema Jumapili ijayo atakuwa amekaa mbele kabisa na akiteleza ataona macho yake. Mtoto kacheka. Mchana kutwa mzee hakugeuzwa. Shuka halina hata mkunjo. Linapendeza mno.

Jumatatu, 18 Novemba

Matroni kapita. Nikatoa hotuba fupi. Nikamgeuza mzee ili Matroni ajionee.

Alama ya duara ilikuwa imechorwa kama kwa sahani. Ndani ya duara ngozi imekuwa nyeusi ya zambarau, na juu ya mfupa wa mkia imechanika.

Matroni hakunigombeza. Kasema niende nikalete maji ya chumvi na vifaa vya kufungia. Ningependa angenigombeza.

Alhamisi, 21 Novemba

Kidonda kinasafishwa kwa maji ya chumvi, kinafungwa kwa kitambaa kinachokiacha na unyevu wake. Tabea kawaambia ndugu walete mayai, maharage na maziwa, kwani ngozi haijengwi kwa uji mtupu. Halafu, bila kuombwa, anavuka toka wodi yake kuja kumgeuza pamoja nami. Upande wa kulia, upande wa kushoto. Chali marufuku. Hajasema neno hata moja kuhusu wivu. Laiti angesema.

Daktari kasema kukaa kwenye kiti hakuna, si wiki hii wala ijayo. Nikaenda kumwambia mzee. Nikaanza na hali ya hewa, nikapita kwenye bei ya kahawa. Kaniambia, "Kijana wangu, sema tu." Nina miaka hamsini na mbili.

Nikasema. Akageukia ukuta, kwa kadiri alivyoweza kujigeuza. Baadaye akauliza, sasa pale mbele atakaa nani.

Jumapili, 24 Novemba

Nilikuwa mapumzikoni. Nilikuja.

Nice kafika mchana na gauni lake jeupe na maua shingoni. Mzee alikuwa kalala ubavu wa kushoto, anatazama ukuta, na muda wake wa kugeuzwa ulikuwa haujafika. Nikamtazama Tabea. Tayari alikuwa ameshika mabega.

Tukamgeuza. Akamtazama yule mtoto toka maua hadi viatu. Kisha akauliza kama aliteleza. Nice kasema ndiyo, pale pale, kwa sababu aliangalia mbele akakuta kofia ya babu imewekwa mahali pake kwenye benchi. Mzee kasema kofia haina macho, ndiyo maana.

Nikatoka kwenda kutafuta bandeji. Bandeji nilikuwa nayo mkononi.

Jumatatu, 25 Novemba

Ukweli wenyewe ni huu. Saa haikufa. Betri niliitoa mimi, nikaiweka kwenye redio yangu nisikilize mpira. Na kuhusu duara, chuoni tulifundishwa kwamba zinaharibu. Niliketi dawati moja na Tabea siku ile. Nilijua, ila nilitaka iwe vinginevyo.

Leo nimemweleza Mzee Anaeli yote. Kasikiliza mpaka mwisho. Kauliza nani alishinda. Nikamwambia tulifungwa. Kasema pole.

Sijawahi kupewa pole iliyonikaa vibaya hivi.

Hata hivyo, nikitafakari kwa utulivu, kosa lilikuwa kwenye majani. Majani makavu ni magumu. Mpira wa ndani wa pikipiki, ukijazwa upepo kidogo tu, unakuwa laini kama andazi, na shimo la katikati linabaki pale pale. Fundi wa Tengeru kaniwekea mmoja. Nitaanza kuujaribu kwenye kiti changu mwenyewe, nipime muda.

Saa ya wodi inatembea tena. Tabea kaitia betri mpya. Nimeitazama vizuri: betri bora kabisa. Na Jumamosi kuna mechi.