Uzinduzi wa Povu kwa Ngozi Nyeti

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, ambaye ameniomba nimwakilishe. Mheshimiwa Makamu wake, ambaye naye alitumwa amwakilishe Mwenyekiti na akaniomba nimwakilishe yeye. Waheshimiwa Wakuu wa Idara, Wakuu Wasaidizi, Wanaokaimu Ukuu na Wanaokaimu Usaidizi. Msimamizi Mkuu wa Ngazi, Lifti na Korido. Bwana Mlinzi wa Geti, ambaye namwona pale mlangoni na kopo lake la pamba. Makarani wa masjala, matarishi, madereva, mafundi bomba. Wanahabari, ambao viti vyenu vipo ingawa hamkuja. Mabibi na mabwana, na nyote ambao vyeo vyenu ni virefu kuliko muda niliopewa: kila mmoja ajihesabu ametajwa, na niliyemsahau ajihesabu ametajwa mara mbili. (Makofi. Mtu wa mstari wa nyuma anapiga chafya.)

Nimesimama mbele yenu katika bwalo hili la chakula, ambalo kwa mamlaka niliyonayo leo linaitwa Ukumbi, mimi Mkurugenzi wa Mwonekano, Unadhifu na Taswira ya Watumishi, nikiwa na furaha isiyo na kipimo ingawa imo kwenye bajeti, kuzindua rasmi Mradi Jumuishi, Shirikishi na Endelevu wa Kituo cha Kunyoa kwa Maji na Povu kwa Watumishi Wenye Ngozi Nyeti, kwa kifupi MJSEKKMPWWNN, kifupi ambacho kamati ya wataalamu ilikaa vikao sita kukirefusha. (Makofi ya mstari wa mbele.)

Ndugu zangu, safari ndefu huanza na waraka. Mtakumbuka kwamba mwaka jana nilitoa Waraka Namba Kumi na Tisa, unaoelekeza kila mtumishi mwanamume afike kazini kila asubuhi, nasema kila asubuhi, kidevu kikiwa laini kama bahasha mpya, na kwamba utekelezaji upimwe getini kwa njia ya kisayansi, yaani mlinzi anapitisha kipande cha pamba shavuni, na uzi hata mmoja ukinasa, mtumishi anarudi nyumbani akatafakari. Matokeo yake hayana mfano: asilimia tisini na sita nukta nne ya videvu viliitikia, na asilimia iliyobaki ilitoka damu, jambo ambalo nalo ni namna ya kuitikia. (Miguno.) Nasikia mnaunga mkono.

Sasa wapo watu wasioamini bila ushahidi. Ninayo hapa mfukoni barua ya kujieleza, kurasa nne, kutoka kwa mtumishi wa ngazi ya chini kabisa lakini anayefika juu kila siku kuliko sisi sote, yaani mwendesha lifti ya pili. (Kicheko.) Nitawasomea kama ilivyoandikwa, na makosa ya mtindo ni yake.

Anaandika: "Mkurugenzi, salaam. Mimi naendesha lifti huu mwaka wa kumi na moja. Naeleza kwa nini nimerudishwa getini mara nne na kusimamishwa kazi. Nilikuwa nanyoa mkavu, mbio mbio, kwa kile kiwembe cha plastiki, kwenye choo cha watumishi, mbele ya bomba lisilotoa maji. Napitisha mara ya kwanza, bado. Mara ya pili kinyumenyume, bado. Mara ya tatu ngozi inasema basi. Kesho yake vipele, kesho kutwa vipele vimetunga usaha, na waraka unasema ninyoe juu yake. Watu wakaanza kuniambia wanangoja lifti inayofuata. Binti yangu wa miaka minne akawa ananipa mkono badala ya shavu."

Mnaona jinsi waraka ulivyofika hadi ngazi ya familia.

Anaendelea: "Mke wangu, mnayemjua, yule anayeshona sare zetu ghorofa ya chini, akaniambia, 'Nenda kwa baba.' Nikamwambia, 'Mimi nikamshikishe baba mkwe kidevu? Nitamtazama wapi?' Akasema, 'Tazama dari. Baba amenyoa watu miaka arobaini, wewe hutakuwa wa kwanza kuona haya.' Nikaenda. Mzee akanikalisha kwenye kiti, akavuta taa, akaikagua shingo yangu. Kisha akauliza, 'Nani kakufanyia hivi?' Nikasema, 'Mimi mwenyewe, baba.' Akasema, 'Basi umsamehe, alikuwa hajui.'"

(Sauti ya mwanamke: "Huyo ndiye baba!") Tafadhali, mama wa sare, utapewa nafasi kwa mujibu wa ratiba.

"Siku hiyo hakuninyoa. Alinikataza wembe siku kumi nzima, vidonda vikauke. Siku ya kumi na moja akaniwekea taulo la maji ya moto usoni, akaniacha nalo mpaka nikasinzia. Akasema, 'Unywele mkavu ni waya, ukilowa ni uzi.' Akazungusha brashi kwenye sabuni hadi povu likawa zito, ukilichota linasimama. Akanishika kidole akanipapasisha ndevu zangu mwenyewe nijue zimelalia wapi: shavuni zinashuka, shingoni zinalala upande, na mimi miaka yote nilikuwa sijui. Akatumia wembe mmoja, mkali, si ule wa matabaka. 'Usikandamize,' akasema, 'uzito wa wembe unatosha. Vuta kidogo, suuza, vuta kidogo. Nenda na unywele unakokwenda. Ukiuchokoza kinyume unakatika chini ya ngozi, unajikunja, unarudi ndani, na huo ndio upele wako.' Mwisho maji baridi na kipande cha shabu, lile jiwe jeupe la kufunga vidonda, hakuna manukato. Nikamuuliza, 'Na kesho, baba?' Akasema, 'Kesho ngozi inalala. Unanyoa leo, unapumzika kesho.' Nikamwambia waraka unasema kila siku. Akasema, 'Aliyeandika waraka hana shingo yako.'"

(Kicheko kirefu. Meza zinapigwa.) Sehemu hiyo ya mwisho nilikusudia kuiruka, lakini macho yalitangulia.

Ndugu watumishi, kiongozi ni yule anayeona fursa ndani ya kidonda cha mwenzake. Mtumishi huyu alirudi kazini, pamba ikapita shavuni isinase, na siku hiyo hiyo, kwa kuwa lifti ya kwanza ilikuwa mbovu, nikapanda ya pili, nikaliona shavu lile, na kati ya ghorofa ya tatu na ya tano nikaligusa, kwa mamlaka ya ofisi yangu, nikasema moyoni: hili wazo nimelipata. Hapo ndipo mchakato ulipoanza, kwa sababu povu bila fremuweki ni sabuni tu. Tukafanya upembuzi yakinifu, tukafanya semina elekezi, tukafanya wekashopu ya kuoanisha semina na upembuzi, kisha watu tisa tukasafiri siku kumi na nne kwenda ng'ambo kwenye nchi yenye maji mengi, tukathibitisha kwa macho yetu kwamba maji yanalowesha. (Mtu mmoja anapiga makofi, anatazamwa, anaacha.) Leo hii ninavyozungumza tuna vituo ishirini na vinne, mabeseni mia sita, vinyozi mia moja na arobaini waliojengewa uwezo, na kiwango cha kuridhika kwa videvu kimepanda kwa asilimia mia moja na tatu, zile tatu zikiwa ni videvu vya wageni.

Na ili mradi uwe na sura, nilimteua mwendesha lifti huyu kuwa Balozi wa Povu, nikamvisha ule utepe mnaomwona nao, na nikaelekeza anyolewe kila asubuhi kwa ajili ya picha. Leo ni siku ya tisa. Kwa heshima kubwa namkaribisha jukwaani pamoja na mkwe wake, kinyozi mstaafu, amnyoe hadharani, kama mnavyoona vifaa vya Mradi hapa mezani: beseni, brashi, sabuni, wembe, kioo na shabu. Baada ya hapo nitavuta pazia hili la buluu na kukifungua Kituo. (Makofi. Mwendesha lifti anapanda, ameinua ukosi wa shati. Mzee mfupi mwenye miwani anapanda nyuma yake, anamkalisha, anashusha ukosi. Shingo imejaa vipele vibichi; mstari wa mbele unavuta pumzi.)

Karibu mzee, anza tu.

(Mzee: "Leo hanyolewi.")

Mzee wangu, ratiba inasema ananyolewa saa nne na dakika ishirini.

(Mzee: "Basi ratiba ije ikae kwenye kiti, nitainyoa.") (Kicheko, vifijo.)

Nadhani mzee anatania, wazee wetu wana hazina ya utani. Bwana Balozi, mweleze mkwe wako umuhimu wa tukio hili.

(Mwendesha lifti anasimama. Hasogei kwenye kipaza sauti, lakini bwalo zima linamsikia: "Mkurugenzi, nimekuheshimu siku tisa. Asubuhi napigwa picha, usiku silali, shingo inawaka kama nimemwagiwa pilipili. Mzee alinitibu, wewe umenirudisha nilikotoka, halafu umenivalisha utepe. Siwezi. Ama niwe balozi, ama niwe na shingo.")

Hoja imepokelewa, na itaundiwa kamati ndogo ya...

(Mama wa sare, amesimama juu ya benchi: "Na wewe mwenyewe mbona una ndevu?") (Kicheko kinaanzia jikoni na kufika mstari wa mbele.)

Swali zuri. Naomba utulivu, swali ni zuri. Ndevu hizi mnazoziona ni ndevu za uangalizi. Mtunga sera hawezi kuwa sehemu ya takwimu zake. Aidha, ipo barua ya daktari, ambayo ni siri, inayosema kwamba ngozi yangu, kutokana na majukumu, ni nyeti kwa kiwango cha ukurugenzi, na kwamba nikinyoa kila siku natoka vipele. (Kelele: "Sisi je?" "Sisi ngozi zetu za bati?") Msiingilie siri za mgonjwa!

(Mwendesha lifti anavua utepe, anaukunja vizuri, anauweka mezani. "Kesho sinyoi," anasema. "Mkinirudisha getini nitakaa hapo hapo getini mpaka jioni, kila mtu anione." Mzee anamshika bega.)

Bwana Balozi, unajua matokeo ya kukaidi waraka. Bwana Mlinzi! Mlinzi wa Geti, hebu njoo na hiyo pamba umweleze.

(Mlinzi wa geti anakuja mbele taratibu. Analiweka kopo la pamba sakafuni. Anafungua kifungo cha juu cha sare: shingo yake ni mbichi, nyekundu, mbaya kuliko ya mwendesha lifti. "Mimi namrudisha nani, Mkurugenzi?" anasema. "Kila asubuhi najipima mimi kwanza." Anamgeukia mzee: "Shikamoo baba. Na hii yangu inatibika?")

(Mzee anamgeuza kidevu kwenye mwanga. "Marahaba. Inatibika. Wembe uweke chini siku kumi. Lakini hapa taa mbaya, twende barazani." Anakusanya beseni, brashi, sabuni, wembe, kioo na shabu. Karani wa masjala anasimama. Dereva anasimama. Mpishi anatoka jikoni na birika la maji ya moto. Foleni inaelekea mlangoni.)

Mzee, hivyo ni vifaa vya Mradi!

(Mzee, bila kugeuka: "Ni vyangu. Ulisema unaviazima hadi saa tano.")

Ndugu watumishi, msiondoke kabla ya maazimio! Kiongozi bora hutangulia mbele ya watu wake hata pale wanapompa mgongo. Kwa hiyo, baada ya tafakuri ya kina niliyoifanya sasa hivi, natamka kwamba kuanzia kesho Waraka Namba Kumi na Tisa utasomeka: siku moja kunyoa, siku moja kupumzisha ngozi, na mwenye vidonda asiguse wembe hadi vikauke, kwamba kipimo cha pamba kimefutwa, kwamba mwendesha lifti anarudi kwenye lifti yake bila barua, na iandikwe kwenye kumbukumbu kuwa wazo hili ni langu, la muda mrefu. (Vifijo kutoka barazani. Mama wa sare anapiga kigelegele. Haijulikani kama wamemsikia, au ni mlinzi wa geti aliyewekewa taulo.)

Sasa navuta pazia. (Anavuta. Nyuma ya pazia ni ukuta wa bwalo, na tangazo la zamani linalosema usiache masinia mezani.) Kama mnavyoona, usanifu ni wa kisasa, umeepuka vitu vingi. Nikisema Povu, semeni Juu! Povu! (Kimya.) Ngozi nyeti! (Fundi wa vipaza sauti, aliyebaki peke yake, anasema "Haya.") Taifa nyororo! Asante, fundi.

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru vinyozi mia moja na arobaini wa Mradi, ambao wameshindwa kufika leo kwa sababu bado hawajaajiriwa. Nawashukuru wasimamizi wa vituo ishirini na vinne, ambao wangekuwepo kama wangejua vipo wapi. Namshukuru mkandarasi, ambaye bado hajapatikana, kwa kutukabidhi jengo safi lisilo na doa, lisilo na ufa, lisilo na kuta. Nawashukuru mafundi bomba kwa maji yatakayokuja. Nawashukuru wafadhili kwa kutuamini bila kuuliza, na nawaomba waendelee hivyo hivyo. Na zaidi ya yote nawashukuru nyinyi, viti vya bwalo hili, kwa usikivu wenu. Wengine wataacha nyuma miradi iliyokwama, miradi iliyobomoka, miradi iliyoota nyasi. Wa kwangu hautapatwa na lolote kati ya hayo milele, kwa kuwa haukuwahi kuanza. Asanteni sana.

(Fundi anazima kipaza sauti, anachukua taulo lake, anatoka kuwahi foleni.)