Nekesa Hawezi Kutolewa Uwanjani Bila Notisi ya Mwezi Mmoja

Mtaa wa Tena, Nairobi
Jumatano

Kwa Bwana Luseno,
Mwenyekiti wa Kamati,
Timu ya Mpira wa Kikapu ya Wanawake, Mwewe wa Tena.

Bwana Mwenyekiti,

Naandika nikiwa na afya njema na hasira ya kiasi. Mimi ni shabiki wa Mwewe kwa miaka kumi na minane, na katika muda huo nimekosa mechi mbili tu: moja kwa sababu ya mazishi, nyingine kwa sababu mlibandika tarehe isiyo sahihi kwenye lango la uwanja.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi jana kamati ilisikia kwamba timu ya mtaa wa Baba Dogo inamtaka Nekesa Wekulo, senta wetu, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja. Kamati ilishtuka, ikampa mkataba wa miaka minane siku hiyo hiyo. Kwa kuwa timu haijawahi kuwa na fomu ya mkataba, katibu wenu Muindi, ambaye kazi yake ya kila siku ni kusimamia ploti ya ghorofa saba kule Kware, alichukua fomu ya kupangisha nyumba. Akafuta neno "mpangaji" akaandika "mchezaji". Akafuta "chumba" akaandika "nafasi". Mengine yote aliyaacha. Nekesa alisoma vifungu vyote kumi, akauliza kama kamati nayo imevisoma, akaambiwa ndiyo, akatia sahihi.

Kabla sijaendelea, nina binti, Mwelu, wa miaka ishirini na mitatu, ambaye pia ni senta. Amekaa benchi misimu minne. Jumamosi tunacheza na Baba Dogo, na kocha wa timu ya kaunti atakuja kutazama wachezaji. Naliweka wazi hili ili mtu asije akasema nimelificha. Halihusiani kabisa na malalamiko yangu, ambayo ni ya kanuni na ni haya:

1. Kifungu cha tatu kinasema mchezaji hataondolewa katika nafasi yake bila notisi ya maandishi ya mwezi mmoja. Wiki mbili zilizopita, zikiwa zimebaki dakika sita za robo ya tatu, Kocha Elsie aliomba kumtoa Nekesa na kumwingiza Mwelu. Nekesa alishika kiuno akauliza, "Kocha, notisi iko wapi?" Kisha akatoa nakala ya mkataba ndani ya soksi. Refa aliisoma yote, akamrudishia, akasema, "Mimi napuliza filimbi tu. Mambo ya nyumba pelekeni kwa chifu." Mwelu alivaa tena koti lake akaketi.

2. Kifungu cha tano kinamkataza mchezaji kumwachia mtu mwingine nafasi yake, au kitu chochote kilichomo, bila ruhusa ya maandishi. Tangu asaini, Nekesa hajampa mwenzake pasi hata moja. Nimehesabu mechi tatu. Akiulizwa, anajibu kwamba yeye si mtu wa kuvunja mkataba. Nakiri kwamba katika mechi hizo tatu alidaka ribaundi thelathini na nne bila kuruka hata mara moja. Anasimama tu mahali ambapo mpira umeamua kushukia. Mashabiki wamegawanyika. Barre, anayekaa nyuma yangu, husema, "Huyu si mchezaji tena, ni mpangaji sugu." Kalekye, anayeuza mayai ya kuchemsha kwenye kona ya uwanja, humjibu, "Wee Barre, utamtoaje mtu kwake? Nenda uanze na mama mkwe wako, ana mwaka wa tatu kwa kochi yako." Mjadala huu sasa huchukua robo nzima, na mayai hupoa.

3. Kifungu cha sita kinasema kitu kikiharibika kitatengenezwa ndani ya siku saba. Nekesa aliripoti goti la kushoto. Muindi, kwa mazoea, alimtuma fundi wa mabomba. Fundi huyo, kijana mwenye heshima, alilikunja goti mara mbili, akasikiliza, akasema mpira wa ndani umelika lakini bado linaweza kuhudumu ikiwa halitafunguliwa kwa nguvu. Nekesa anasema huo ndio ushauri bora aliowahi kupewa kuhusu goti hilo. Sipingi matibabu. Napinga kwamba yamefaulu.

4. Kifungu cha saba kinampa haki ya kuanika nguo Jumanne na Ijumaa. Mazoezi yetu ni Jumanne na Ijumaa. Kamba imefungwa kutoka kikapu kimoja hadi kingine. Jana Mwelu alirusha mpira wa pointi tatu, mrusho mzuri sana, ukaangukia kwenye shuka ya maua na kubaki humo kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Nekesa alisema, "Pole mami, lakini shuka ilikuwa hapa kwanza."

5. Baada ya miaka minane Nekesa atakuwa na miaka arobaini na tisa. Kifungu cha kumi kinasema muda ukiisha na hakuna aliyesema neno, mkataba unaendelea kwa masharti yale yale. Naijua kamati yetu. Hakuna atakayesema neno. Atakuwa na miaka hamsini na saba, kisha sitini na mitano, na Mwelu atastaafu akiwa benchi, kazi ambayo haina pensheni.

Nimetafuta suluhisho ndani ya mkataba wenyewe. Notisi ya mwezi haiwezi kufika kabla ya Jumamosi. Hata hivyo, kifungu cha tisa kinasema atakayepatikana akifuga kuku ataondolewa siku hiyo hiyo bila notisi. Niko tayari kutoa kuku. Ni jike, mweusi, mtulivu, na anaenea katika begi la mazoezi la Nekesa. Ninachoomba ni kamati iteue mtu mmoja mwaminifu wa kumweka humo kabla ya robo ya kwanza, na mwingine wa kushangaa kwa sauti.

Msalimie mkeo Triza, Kocha Elsie, yule fundi mkikutana, na wachezaji wote akiwemo Nekesa, ambaye mimi binafsi sina neno naye.

Ni mimi, shabiki wenu mtiifu hadi Jumamosi,

Mwangangi Muthui

Tanbihi: Nilimpa Mwelu barua hii akuletee. Aliisoma akiwa kwenye ngazi, hakuja kwako, akaenda moja kwa moja Kware kwa Muindi. Amerudi sasa hivi na mkataba wake mwenyewe, wenye muhuri: nafasi, senta, muda, miaka kumi na miwili, kuanzia Jumamosi. Shahidi aliyetia sahihi ni Nekesa, ambaye amesema chumba kimoja kinatosha wawili wakiheshimiana. Nimeusoma mkataba huo mara mbili, na sasa naona umetungwa na mtu mwenye akili nyingi, hasa kifungu cha tatu. Kwa hiyo nayaondoa malalamiko yote matano, pamoja na kuku. Jambo moja tu limebaki, nalo ni la dharura: Mwelu anasema wachezaji wengine saba wako mlangoni kwa Muindi, kila mmoja na kalamu yake. Tafadhali mpigie Muindi simu umwambie fomu zimekwisha.