Ombi la Kuinua Geti la Soko ili Lori Langu Lipite

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Soko,
Ofisi iliyo nyuma ya vibanda vya vitunguu.

Kuhusu: Tairi zangu nne, geti lenu moja, na dada yako

Ndugu Mwenyekiti,

Salamu nyingi zikufikie hapo mezani kwako, wewe na muhuri wako. Kabla sijafika mbali naomba tuelewane jambo moja. Nakuandikia wewe kama Mwenyekiti, si kama shemeji. Najua dada yako ndiye mke wangu, na ndiye atakayekuletea barua hii mkononi pamoja na lile bakuli lenu tulilosahau kulirudisha. Hayo ni ya nyumbani. Ukijikuta unaisoma kishemeji, unacheka na kutikisa kichwa, tafadhali simama, vaa koti la ofisi, kisha anza upya.

Kama unavyojua, miezi miwili iliyopita nilibadilisha tairi za lori langu, na tangu wakati huo dada yako halipandi. Miaka kumi na minne tumekwenda sokoni pamoja, mimi kwenye usukani, yeye pembeni na mto wake wa kukalia, kabeji zake nyuma. Sasa kabeji, mto na yeye mwenyewe vinasafiri na Kiberiti, yule dereva wa kilori cha buluu, na anamlipa nauli. Jumamosi ijayo Kiberiti anataka wapatane kwa msimu mzima. Wakishapatana, mimi nimekwisha. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Malalamiko nimeyapanga kwa namba ili yasinikimbie.

1. Kuhusu chanzo. Watu wanasema nilikurupuka. Sikukurupuka, nilipima. Sisi madereva wa hapa tunapima tairi kwa teke. Asubuhi unalizunguka gari, unapiga kila tairi teke moja la haki, unasikiliza. Ikilia "ngo", bado ina maisha. Ikilia "pu", ni marehemu. Ndivyo tulivyofundishwa na waliotutangulia, na sijawahi kuona mtu akihoji. Sasa, mwezi ule dada yako aliniona nachechemea, akaninunulia viatu vya raba, laini kama mkate, ili miguu yangu ipumzike na zile buti za ngozi ngumu. Wiki ileile nikalizunguka lori, nikapiga teke tairi zote sita, na zote sita zikalia "pu". Nilirudia mara tatu. Nilisikitika sana, maana sijawahi kufiwa na tairi sita kwa mpigo.

Bajeti yangu ilitosha tairi mbili mpya, na labda nusu ya tatu. Ndipo nikasikia kwamba machimbo ya kokoto yanafungwa na wanauza tairi na rimu za mtambo wao mkubwa. Zilikuwa nne, kwa bei ya mbili, na kila moja inanifika kifuani. Muuzaji akanieleza kwa upole kwamba tairi zikiwa kubwa hivi hazihitajiki sita, nne zinatosha, kwa hiyo hapo nimeokoa pesa za tairi mbili ambazo sitazinunua. Hesabu hiyo mpaka leo sijapata wa kuipinga. Fundi wa tairi pale njia panda alijaribu. Aliniambia, "Bosi, hili si lori tena, hiki ni kitanda cha ghorofa." Lakini alizifunga, akalazimisha boliti, akakata madigadi ya kushoto, lile bati la kukinga matope, ili tairi ipate pa kuzungukia. Bajeti ikaishia hapo. Madigadi ya kulia tumeiacha kama ilivyo mpaka Mungu atakapojalia.

2. Kuhusu geti. Geti la soko lina chuma cha juu ambacho zamani lori langu lilipita chini yake na kubakiza nafasi ya kofia. Sasa limezidi kwa shubiri mbili. Nilijaribu kuwa muungwana. Jumamosi ya kwanza nilipunguza upepo kwenye tairi zote nne, nikaingia taratibu na mzigo wangu, nikashusha. Kumbe lori likiwa tupu linainuka. Nikabaki ndani. Unakumbuka, Mwenyekiti, kwa kuwa wewe mwenyewe ulikuwa mmoja wa watu thelathini na wawili tuliowapakia ili lizame kidogo tupate kutoka. Mama wa vitunguu alipanda na mizani yake. Wewe ulilala chali pembeni ya muuza mayai, ambaye alikataa katakata kuziacha trei zake. Tulipita. Lakini kwa nusu saa nzima wauzaji wote walikuwa nje na wateja wote walikuwa ndani, wanajipimia wenyewe. Hiyo, nasema kwa heshima zote, ni kasoro ya geti.

3. Kuhusu upande wa kulia. Lori langu sasa linakunja kushoto tu. Nikikunja kulia tairi inakula bodi, na moshi unatoka ambao si wa kawaida. Kutoka kwangu kuja sokoni kuna kona moja tu ya kulia, pale kwenye duka la dawa. Ili kuikwepa inabidi nikunje kushoto mara tatu, na mara ya pili napita katika ua wa kinyozi. Kinyozi ni mtu mzuri, hajalalamika hata siku moja. Nikikaribia ananyanyua wembe juu na kusubiri, na mteja anafumba macho, nikishapita wanaendelea. Nyote mnaona kwamba mambo hayawezi kuendelea namna hii. Naomba Kamati ifikirie kulihamishia soko upande wa kushoto.

4. Kuhusu mwendo. Mshale wangu unasema arobaini, askari wa barabarani anasema sitini. Mimi mshale huo nimeuamini tangu lori likiwa jipya, askari nimemfahamu mwezi huu. Naomba barua yenye muhuri.

5. Kuhusu nyanya. Sitasema mengi. Aliyeona siku ile jinsi tenga la nyanya lilivyotua kutoka kwenye bodi yangu, na mahali alipokuwa amesimama mwalimu mkuu na shati lake jeupe, anajua. Wapagazi wenu ni wafupi mno.

6. Kuhusu dada yako. Hili ndilo linaloniuma, hayo mengine nimeyaweka mbele ili nisionekane nalia. Kidato cha kupandia lori sasa kiko usawa wa kiuno chake. Siku ya kwanza nilimsukuma kwa chini, akakwama nusu ndani nusu nje, na majirani wakatoa maoni. Siku ya pili nilimchongea ngazi ya mbao. Alipanda, akakaa, akatandika mto wake, akachungulia dirishani. Akasema, "Mume wangu, mimi naona mapaa ya watu. Nishushe." Nikamshusha, na kiti kile kiko wazi mpaka leo.

Namkosa, Mwenyekiti. Nasema bila kuficha. Mle ndani nilikuwa na mtu wa kuniambia kuna shimo, wa kunimenyea chungwa, wa kunikosoa nikiimba. Sasa naimba peke yangu na hakuna anayeniambia kwamba nimekosea maneno. Juzi nilikuwa nyuma ya kilori cha Kiberiti kwenye foleni, na kwa urefu nilionao siku hizi naona kila kitu. Nilimwona dada yako anacheka mpaka anafuta machozi kwa ncha ya leso. Kiberiti hana la kuchekesha, namjua tangu tukiwa wadogo. Nikapiga honi. Akageuka, akatazama juu, akanipungia mkono kama mtoto anayeipungia ndege angani.

Hapa najua utauliza: kwa nini asibadilishe tairi tu? Hilo ni swali la shemeji. Mwenyekiti hawezi kuuliza swali jepesi namna hiyo. Bajeti imekauka. Muuzaji wa machimbo amehama na simu yake imehama naye. Wala usidhani mimi ni mtu wa kutupa vitu ovyo. Zile tairi sita za zamani, pamoja na rimu zake, zote nimezipa kazi. Moja nimeikalia hivi sasa ninapoandika. Moja imeshika nguzo ya kamba ya kuanikia nguo. Moja iko juu ya paa la jiko kuzuia bati lisipeperuke. Moja imebeba pipa la maji. Katika moja kuku wa dada yako anataga, na amekataa kutaga kwingine. Ya sita nilikuletea wewe, Mwenyekiti, na ndiyo unayosimama juu yake ukituhutubia, na sote tunakubali kwamba tangu uipate hata wale wa nyuma wanakuona.

Basi nilikaa nikapima kila njia, nikitafuta iliyo nafuu kwa mfuko. Kununua tairi sita mpya, siwezi. Kuinua geti, kwangu mimi ni bure kabisa. Hapo nikaona mwanga, na maombi yangu ni haya. Kwanza, Kamati iinue geti kwa shubiri mbili. Kisha, kwa sababu ya wapagazi na nyanya, ardhi yote ya soko ijazwe udongo mpaka ifikie usawa wa bodi yangu. Udongo huo nitaubeba mimi mwenyewe, geti likishainuliwa. Nakiri kwamba ardhi ikipanda geti litakuwa limeshuka tena, kwa hiyo liinuliwe mara ya pili, na mkiwa bado mna mafundi na ngazi zao, wapite na zile nyaya za umeme zilizo mbele ya ofisi yako, ambazo siku hizi nazisalimia kwa karibu.

Mkiona kazi hiyo ni kubwa, basi iko njia moja isiyo na gharama kwa Kamati. Tangazeni kwamba kila gari linaloingia sokoni livae tairi kama zangu. Malori, pikipiki, mikokoteni, na hasa kilori cha Kiberiti. Tukiwa sote tumepanda shubiri mbili, hakutakuwa na mrefu wala mfupi kati yetu, na dada yako akichungulia dirishani kwa Kiberiti naye ataona mapaa ya watu. Hapo atachagua dereva kwa moyo wake, si kwa kimo cha kiti. Sioni kosa lolote katika pendekezo hili, nimelisoma mara mbili.

Nangoja jibu lako kabla ya Jumamosi. Nisalimie mkeo na watoto. Msalimie mama mkwe wangu, mwambie ile ngazi ya mbao nitamletea aangulie maembe. Msalimie mama wa vitunguu na mizani yake, muuza mayai, kinyozi, na mwalimu mkuu kama anapokea salamu zangu. Hata Kiberiti msalimie, ila kwa sauti ndogo.

Ni mimi ninayesubiri nje ya geti lako,

Dereva wa lori la kijani
(ambaye siku hizi mnaniita Ghorofa mkidhani sisikii. Huku juu nasikia kila kitu.)

Tanbihi: Barua imechelewa kutoka kwa sababu mpeleka barua, yaani dada yako, ameifungua akaisoma. Alifika kwenye lalamiko namba moja, akaniuliza siku ile napiga mateke nilikuwa nimevaa viatu gani. Nikamwambia vile vya raba alivyoninunulia. Akaniambia nilipige teke jiwe la mlangoni. Nikalipiga. Likalia "pu".

Aliingia uvunguni mwa kitanda, akatoa buti zangu, akazivaa yeye, zikampwaya, akaanza kuzunguka ua. Aliipiga tairi ya kamba ya nguo: ngo. Akaipiga ya pipa: ngo, na maji yakamwagika. Akamtoa kuku: ngo. Akapanda paa la jiko kwa ile ngazi yangu: ngo. Mwisho akaipiga hii niliyoikalia, nikiwa bado nimeikalia, na hiyo niliisikia mpaka kwenye meno. Fundi wa njia panda ameitwa, akazipima kwa vifaa vyake, akasema zimebakiza mwaka mzima na zaidi. Alicheka mpaka akakaa chini. Viatu vya raba nimeambiwa niwe navaa sebuleni.

Kwa hiyo naomba yote niliyoyaandika hapo juu uyaone kama hukuyaona. Geti lisiguswe, liko sawasawa. Soko libaki lilipo. Ila ile tairi unayosimama juu yake, shemeji yangu mpenzi, na hapa naandika kama shemeji, iviringishe uje nayo leo hii. Nitakupa moja ya hizi kubwa badala yake, na hapo hata walio nje ya geti watakuona. Fundi ameshazifungua zote nne, lori limekaa juu ya mawe, chini kama zamani, na anasema hagusi nati hata moja mpaka sita zitimie. Dada yako ameshapanda. Lori halina tairi hata moja, naye amekaa mahali pake juu ya mto wake, anamenya chungwa, ananiuliza tunaondoka saa ngapi. Fanya haraka.