Sanduku la Moshi na Panya Sita

Jumatatu, 2 Machi 1953. Musoma.
Bwana Daktari anataka sanduku la kuvutishia panya moshi wa salfa, ajue ni moshi kiasi gani unaowaua, kwa faida ya maghala ya pamba ya Bunda. Atakayetengeneza sanduku lisilovuja atakuwa Msaidizi Mkuu wa maabara. Tupo wawili: mimi wa sekondari, na Wanzagi wa darasa la sita. Nimeshampelekea mama habari Butiama kwamba nimepanda cheo. Kwa nini asubiri?

Jumatano, 4 Machi.
Tayari! Mbao, kioo mbele, bomba la moshi. Viungo nimeziba kwa ugali laini. Bahasha za ofisini tunabandika kwa uji, na hazifunguki. Wanzagi kaziba lake kwa lami ya barabarani. Linanuka. Akapita, akaniita kaka msomi, akauliza kama napika cha jioni. Eti panya wanakulaga ugali. Wivu! Nimewaingiza sita walale humo, wazoee. Sikuwalisha. Tumbo tupu hupokea moshi vizuri.

Alhamisi, 5 Machi.
Aibu. Daktari kasimama mbele ya kioo, saa mkononi. Nikafungulia moshi. Ukatoka kila upande. Viungo vyote vimeliwa! Daktari kakohoa hadi machozi. Wagonjwa wa wodi ya jirani wakakimbilia nje na mablanketi yao. Panya wakatoka mwisho, wanene, bila haraka. Fatu mfagiaji akauliza kama na sisi watu tulikuwa kwenye majaribio.

Ijumaa, 6 Machi.
Sanduku la Wanzagi halikuvuja. Panya wake wakafa kwa adabu. Cheo ni chake. Akaja kunipa pole, akasema, kaka, njoo nikuonyeshe lami inavyochemshwa. Mimi! Nikamjibu lami ni kazi ya makuli. Mchana mama akafika na shangazi watatu na jogoo wa pongezi. Wakamuulizia Msaidizi Mkuu. Mlinzi akawapeleka kwa Wanzagi. Mama hakunigombeza. Alisema tu jogoo aliletwa kwa ajili ya cheo, akamkabidhi mwenye cheo.

Jumanne, 10 Machi. Bunda.
Nimehamishiwa huku, kutega panya ghalani. Vizuri. Hakuna wa kunionea wivu. Nimechunguza kosa kwa utaratibu: lilikuwa mahindi. Sanduku jipya nimeliziba kwa ugali wa muhogo. Barua ya kumwalika Bwana Daktari imeondoka na lori la asubuhi.