Mbichi Tupu Mpaka Jumapili

Jumatatu, 16 Juni

Leo nimezaliwa upya. Jamaa mmoja kwenye simu, misuli kama mizizi ya mvule, anasema chakula cha moto ni cha wagonjwa. Mwanamichezo hula vibichi tu. Mimi niliyefika hadi Mutukula na kuiona Uganda kwa macho yangu, nipitwe na maendeleo? Thubutu!

Jumapili ni sherehe ya mavuno hapa Rugu. Mbio za baiskeli, kila mtu na mikungu mitatu ya ndizi, mpaka kanisani juu. Nimetangaza mbele ya wabeba ndizi wote: mwenzetu Rogasian akinishinda, namwachia nafasi yangu ya mbele gulioni, pale malori yanapoanzia kununua. Miaka kumi na moja ni yangu! Rogasian akasema tuandikishane. Tumeandikishana.

Jumanne, 17 Juni

Asubuhi parachichi na karoti. Mchana kabichi. Jioni niliona malori mawili gulioni, kumbe ni moja. Mwili unasafishika.

Mke wangu Salvina kapika ndizi na maharage, kaweka samli makusudi. Sahani yangu nimempa jirani, Mzee Nolasco. Sasa ananiombea nisikate tamaa.

Alhamisi, 19 Juni

Nimekula ndizi mbichi. Hizi hizi za kupika! Utomvu umenigandisha midomo mpaka saa kumi. Salvina akasema nyumba haijatulia hivi tangu tufunge ndoa. Tumbo nalo limefunga kama ofisi ya serikali siku ya Idi.

Jumamosi, 21 Juni

Ugunduzi! Lubisi, pombe yetu ya ndizi: ndizi zimeiva, zimekanyagwa kwa miguu, zimelala kwenye mtumbwi wa mbao. Moto uko wapi? Haupo! Ni mbichi kabisa! Salvina akanikumbusha kwamba mtama unaotiwa humo hukaangwa kwanza. Nikamjibu kwamba mtama tunauchuja. Hajasoma huyu. Nimekunywa lita tatu, kwa ajili ya afya.

Jumapili, 22 Juni

Niliongoza! Mpaka kilima cha mwisho, wote nyuma. Nikageuka kumcheka Rogasian, nikaona kamba yake imekatika, mikungu imelala barabarani. Ndizi ya mtu siwezi kuiacha ikanyagwe, hata iwe ya huyo. Nikarudi kumsaidia kufunga. Ile kuinama tu, ofisi ikafunguliwa.

Niliingia migombani kwa kasi ambayo mbio zenyewe hazikuiona. Nilipotoka, padri alikuwa anampa Rogasian mkono. Akaniuliza, mbele ya wanakwaya, kama nilikuwa napalilia.

Jumatatu, 23 Juni

Nafasi yangu mpya iko karibu na choo cha gulio. Mpaka mchana nimeuza mkungu mmoja, tena kwa Mzee Nolasco, kwa huruma.

Nimechunguza kitaalamu. Vyakula vibichi havina kosa. Kosa lilikuwa kuvila. Chochote tumboni ni mkungu wa nne! Kuanzia kesho ni maji peke yake, siku saba. Nimemwambia Rogasian turudiane. Akakataa, akasema kaka, nenda nyumbani ukale. Kaogopa! Nikamwongezea: nikishindwa, achukue na baiskeli yangu.

Akakubali kabla sijafunga mdomo. Hofu hiyo!