Bunduki ya Mkono wa Kulia

Jumatatu, 2 Juni

Mwenyekiti wa wakulima, huna haya hata chembe! Unasimama mbele ya mkutano, shati limekubana tumboni, unaniambia mimi, mjane wa msasi, kwamba shamba langu la bondeni ni hoteli ya nguruwe mwitu. Eti wanashiba viazi vyangu, kisha wanakwenda kufanya fujo kwenye mahindi ya wenzangu. Eti nguruwe wasipokomeshwa kufikia Jumapili, shamba apewe mtu wa kulilinda. Nilipokuwa nang'oa visiki vya shamba hilo wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unanyonya!

Na nani kanyoosha mkono wa kwanza kulitaka? Wifi yangu! Kasema shamba ni la kaka yake, na bunduki ya baba yao anayo ndani, inaoza bure. Watu wakapiga makofi. Waliopiga nimewaona wote. Nimewaweka moyoni.

Nimeondoka bila kuaga. Nanunua bunduki yangu mwenyewe. Atakayepiga ni kitinda mimba wangu. Kibali cha kuwinda anacho. Akili nitamkopesha.

Jumanne, 3 Juni

Fahali kauzwa. Nimekwenda na mwanangu mjini kwa muuza bunduki. Mwanamume mwembamba, miwani kaipandisha kwenye paji la uso kama vile paji ndilo linaloona. Kaniuliza, bibi, unataka bunduki ya mnyama gani? Nikamjibu, ya mnyama anayekufa.

Kanipa nyepesi. Nikamrudishia. Mimi nimechagua michi, majembe, mashoka na wakwe, na siku zote nachukua kizito. Nikazigonga zote kwa kifundo cha kidole, nikasikiliza. Moja ilikuwa nzito kama mlango. Nikasema hiyo! Kasema hiyo ni ya nyati, bibi, kwa nguruwe imezidi, itampiga kijana teke. Nikasema vizuri, siku nyingi hajapigwa teke.

Halafu akaniudhi kabisa. Kampa mwanangu aishike. Na mwanangu, mtu mzima mwenye mke na mtoto, kaiweka bega la kushoto! Mbele za watu! Muuza bunduki kasema kijana wako ni wa kushoto, hata jicho lake la kulengea ni la kushoto, na hii komeo lake liko kulia. Komeo ndicho kile chuma cha kuvuta na kusukuma ili risasi iingie. Eti zipo zenye komeo kushoto, ila mpaka aagize.

Nikamwambia asinitukanie uzazi wangu. Ushoto wa huyu niliutoa kwa mwiko alipokuwa bado anatambaa. Anakula kulia, anasalimia kulia, na nguruwe atampiga kulia. Mwanangu kanong'ona, "Lakini mama..." Nikamwangalia. Lakini yake ikafia hapo hapo.

Tumerudi na ya nyati. Kaibeba yeye. Kulia.

Alhamisi, 5 Juni

Mazoezi. Debe juu ya kisiki, nyuma ya nyumba. Kila mara jicho la kushoto lilikuwa linajipenyeza, basi nikalifunga kwa kanga. Kapiga. Bunduki ikamkalisha chini. Debe halina hata mkwaruzo, mlango wa choo changu una tundu. Nashukuru nilikuwa nimeshatoka.

Wifi kaja kutazama. Kaja na kigoda chake kabisa! Kacheka mpaka kajishika mbavu. Kisha kasema, wifi yangu, utamuua mtoto. Baba yetu alikuwa wa kushoto, kaka yangu naye alikuwa wa kushoto, bunduki ya mzee komeo lake liko kushoto, mpe mtoto aitumie.

Mtego! Nguruwe akianguka kwa bunduki yake, shamba litakuwa la nani? Na bunduki yenye komeo kushoto ni kilema tu. Halafu marehemu awe wa kushoto, tangu lini? Mbele yangu alikula kulia maisha yake yote! Wifi kasema, mbele yako, ndiyo. Nikamwambia abebe kigoda chake.

Jumamosi, 7 Juni

Jua linakaribia kuzama, nguruwe wametoka msituni. Mbele dume lenye meno ya nje, linatembea kama bwana shamba. Nikamkaza mwanangu kanga jichoni. Nikamwambia, kulia! Kapiga.

Dume liliinua kichwa, likatutazama, likarudi kwenye viazi. Dharau hiyo! Risasi imekata kichwa cha sanamu ambayo mwenyekiti ameisimamisha shambani kwake kutishia ndege. Kumbe koti la sanamu lilikuwa lake la harusi. Kaja mbio, kapiga kelele, kasema kesho ndiyo mwisho, nianze kufungasha majembe. Nikamwambia sanamu ilikuwa na akili kumzidi.

Bega la mwanangu limevimba. Mkewe kamkanda kwa maji moto, hataki kunisemesha. Asinisemeshe.

Jumapili, 8 Juni

Nimekaa shambani tangu mchana. Mwenyekiti kaja, wifi kaja, wapiga makofi wote wamekuja. Mwanangu haonekani. Nguruwe hao wanatoka. Ndipo kanitokea nyuma ya mgongo, bila kanga, bila bunduki yangu. Kashika ya babu yake, kitako kimefungwa ngozi. Kabla sijafungua kinywa kaiweka bega la kushoto.

Mlio mmoja. Dume limelala juu ya matuta. Wengine wamekimbia mpaka ng'ambo ya bonde.

Mwenyekiti kasema mbele ya wote, shamba ni la bibi. Makofi tena. Wifi kanijia, macho yana machozi. Kasema, bunduki nimempa mimi kwa sababu ni damu ya kaka yangu, na kasimama vile vile kama yeye. Akaongeza, kula viazi vyako, wifi, ila kijana mwache na mkono wake.

Kumbe mwanangu alikwenda kwa shangazi yake kwa siri! Mimi mama yake! Nikawaambia wote waelewe: dume lile liliumia jana kwa bunduki yangu, mshtuko ndio ulichelewa kulifikia. Wakaanza kutawanyika kurudi makwao. Maana yake wamekubali.

Jumatatu, 9 Juni

Muuza bunduki yuko tayari kuichukua ya nyati arudishe fedha yangu. Hapati.

Asubuhi mjukuu wangu, binti wa huyo huyo kitinda mimba, kaketi mapajani kwangu na bakuli la uji. Kachukua kijiko. Kushoto! Kanitazama, kacheka, jino moja, marehemu mtupu.

Mwiko wangu mkubwa utafutwe sasa hivi, uji usipoe. Na ile bunduki ipakwe mafuta, ifungwe kwa kanga, iwekwe mvunguni mwa kitanda changu. Huyu akikua ataipiga. Kulia!