Msiba wa Mjomba Genzaburo

Jumatatu, 10 Novemba

Kusaka kawekewa kibao! Kipya, chekundu, jina lake kwa wino mweusi, mkabala na lango la hekalu letu dogo la wasanii. Kila anayeingia lazima akione. Changu kipo nyuma, karibu na kibanda cha mafagio, kimefunikwa na kichaka. Leo nimekwenda kukiangalia. Njiwa wamekichafua.

Mimi na Kusaka kazi yetu moja: kuuawa kwa upanga katika filamu za samurai hapa Kyoto. Mimi nimekufa miaka ishirini na miwili. Yeye ana tisa tu, na tayari studio nzima inasema eti Kusaka anajua kuanguka. Kuanguka! Roho inaniuma, sifichi.

Habari kubwa: mwongozaji, Bi Momose, anatafuta mtu wa kufa darajani. Kufa huku anasema! "Mwezi umeniona." Miaka yote hii sijawahi kusema chochote zaidi ya "aaagh". Atachagua Ijumaa, palepale hekaluni, baada ya ibada ya kuibariki filamu.

Jumanne, 11 Novemba

Mpango: kupunguza kichaka ili kibao changu kionekane. Nilikwenda na mkasi wa jikoni. Bi Shirakawa, mtunza hekalu, akanifuma. Nikajua nimekwisha. Kumbe kafurahi! Akasema mungu amemletea mtu wa kujitolea, akanikabidhi mkasi mkubwa na ua mzima. Nimekata hadi jioni. Vidole havikunjiki.

Kusaka akapita, akaniletea chai ya moto, akasema kaka Tsukuda, wewe kweli una moyo. Simpendi kabisa akiwa mwema. Chai nimeimaliza.

Jumatano, 12 Novemba

Nahitaji kesho nzima kwa mwalimu wa sauti kule Osaka. Studio hawatoi ruhusa ovyo. Nikawaambia Mjomba Genzaburo amefariki ghafla.

Wote wakainama. Hata jambazi mkuu alivua wigi. Kusaka alitoa machozi ya kweli, akaniuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Nikasema mpole, anapenda kuvua samaki. Alipenda, nikajisahihisha. Jioni Kusaka kaja nyumbani na wali wa uyoga. Mtamu! Inaudhi sana.

Ijumaa, 14 Novemba

Jana mwalimu alisema natamka "Mwezi umeniona" kama mtu aliyeachwa na treni. Tumerekebisha. Leo nimenyoa, nimevaa suti, nimefika langoni kifua mbele.

Bi Shirakawa akanyoosha mkono. Akaniuliza kwa upole kama nimesahau: mwenye msiba hapiti chini ya lango mpaka siku hamsini ziishe.

Siku hamsini! Nimezaliwa mji huu. Bibi yangu alinifundisha hayo kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Nimesahauje? Na mwezi huu peke yake nimekufa mara kumi na moja, hakuna aliyenizuia kuingia popote!

Ningekiri? Mbele ya Bi Momose? Nikabaki nje, kati ya baiskeli. Ndani wanainama, wanapiga makofi mawili, wanainama tena. Kusaka akatoka kuniambia amenisalia: amemtajia mungu jina langu na anwani yangu, hadi namba ya mlango, asije akapotea njia. Kisha, mimi nikisikia, akamsihi Bi Momose daraja nipewe mimi.

Bi Momose akashangaa. Akasema jamani, mtu aliyefiwa unamwombaje afe? Huo si utu. Daraja akampa Kusaka.

Jumamosi, 15 Novemba

Mjomba Genzaburo yupo studio! Mzima, mashavu mekundu, na mfuko wa persimoni, yale matunda matamu ya kukaushwa. Kaja kutazama majani ya vuli yanavyobadilika rangi, ananiulizia getini kwa sauti yake yote. Nilikimbia na mshale mgongoni. Nikawahi kabla hajataja jina lake. Nikawaambia ni pacha wa marehemu.

Kusaka akamshika mikono yote miwili, akasema pole sana mzee. Mjomba akauliza nani kafa. Nikasema masikio yake hayasikii vizuri. Kusaka akarudia pole kwa kelele. Mjomba ni mtu wa huruma. Akadhani Kusaka ndiye aliyefiwa, akalia naye. Sasa ni marafiki. Wanakula persimoni zangu.

Jumapili, 16 Novemba

Mjomba karudi kwao asubuhi. Kabla hajapanda treni alimsifu Kusaka bila kuchoka. Kijana mzuri, eti. Ana shangazi huko Nagano, mzee sana, yuko mlimani, hana hata simu.

Hana simu!

Daraja linapigwa picha Jumatano. Na mtu aliyefiwa haombwi afe. Bi Momose mwenyewe kasema. Kesho nitawahi studio kabla ya wote, nisimame mlangoni, niwe wa kwanza kumpa Kusaka pole ya shangazi yake.

Tai nyeusi ninayo tayari.